Mume wangu anataka kutupeleka mji wa kale na RV tena, na safari hii mama yake yumo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wetu wawili, mvulana wa miaka 15 na msichana wa miaka 8. Tangu mwezi wa kumi na moja tunaye mavyaa wangu, ametoka Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kuja kutuona, na tiketi yake ya kurudi ni ya mwezi wa nne. Ana miaka 71. Ni mtu wa watu, mcheshi, hana makuu, ila magoti yamemchoka. Ngazi kumi kwake ni kazi.

Mume wangu amekodi RV, lile gari refu lenye vitanda, jiko na choo humo humo. Ni la futi 30. Likizo ya shule ya mwezi wa tatu, Idi itakuwa imepita, tunashuka nalo hadi Florida. Tumepata nafasi kwenye kambi ya kisiwa cha Anastasia, na siku moja ameitenga kwa ajili ya mji wa St. Augustine ulio ng'ambo ya daraja. Siku moja tu, Shangazi, na orodha aliyoandika nimeihesabu, ina mahali 11. Ngome, kanisa kuu, mnara wa taa, hoteli za zamani, makumbusho, hata shule ya mbao.

Kinachonitia hofu ni yaliyotupata mwaka jana. Tulikodi gari kama hilo tukaenda mji mwingine wa kale huku Kusini. Karibu saa tatu nzima tulizunguka tukitafuta pa kuegesha. Kila jengo la maegesho lina ubao wa kimo mlangoni, na sisi hatupiti. Mwishowe akakata kona akaingia mtaa mwembamba wenye miti mikubwa, tawi likanasa turubai la kivuli la ubavuni na kuling'oa. Nyuma yetu magari yanapiga honi, mbele hakuna njia, binti yangu analia. Nikashuka kumwelekeza arudi nyuma, na kwa hasira nikamwambia, "Kama hujui kuendesha si ungesema mapema, umetuaibisha!" Sikujua kwamba binti alikuwa kwenye simu ya video na bibi yake. Mavyaa alisikia kila kitu kutoka Mombasa.

Tulikatwa dola 900 kwenye amana ya gari. Mji hatukuuona. Tulikula mkate na siagi kwenye maegesho ya duka kubwa nje ya mji, kila mtu kimya. Hatujawahi kuizungumzia siku hiyo mpaka leo.

Sasa mimi naona heri tubaki ufukweni tu, mji tuuache. Kijana naye anasema hiyo ni historia ya wazungu, haimhusu, yeye atabaki garini na simu yake. Mavyaa kila akisikia tunabishana husema, "Nendeni nyinyi wanangu, mimi niacheni humo humo garini nivute uradi wangu." Mume wangu akisikia hivyo hunyamaza, halafu usiku naona ameongeza mahali pengine kwenye orodha.

Nimwambieje aache bila kuonekana namdharau? Au tuuache mji kabisa?

Mama wa Wawili, Columbus

* * *

Marahaba mwanangu, na mavyaa wako mfikishie salamu zangu.

Mji msiuache. Miaka mingi nimeishi kaskazini mwa Florida na nimepeleka wageni wangu St. Augustine zaidi ya mara moja, wengine watu wa pwani yetu, na najua mavyaa wako ataona nini pale. Nitafika huko. Kwanza tulimalize la gari, maana hilo ni jepesi.

Gari lisivuke daraja. Likishafika kambini, mkaliunganisha maji na umeme, mkafungua ngazi yake na kutandika vitanda, basi kwa siku hiyo ni nyumba, na nyumba haibebwi kwenda matembezini. St. Augustine ulianzishwa mwaka 1565. Mitaa yake ya katikati ilipangwa kwa miguu na mikokoteni, na mtaa wake mkuu wa matembezi, St. George Street, hauruhusu magari kabisa. Kuna vichochoro pale ambavyo mtu akinyoosha mikono yake karibu anagusa pande zote mbili. Majengo ya maegesho ya miji yetu huku mengi yana dari la futi saba au nane, na gari lenu halipungui futi 11. Kutoka kambini hadi ngomeni ni kama maili tatu. Mko watano, basi agizeni gari la kukodi la watu sita, lile la kuitwa kwa simu, liwashushe mlangoni. Kwa zile dola 900 mngeenda na kurudi wiki nzima.

Na mavyaa asiachwe garini, hata akisisitiza. Jua la Florida mwezi wa tatu si la mchezo, na gari la bati likipoteza umeme wa kambi, kipoza hewa kikazima, ndani panageuka tanuri kwa muda mfupi. Mzee aliyevuta uradi mpaka akasinzia hatajua. Hilo peke yake linatosha kumwambia hapana kwa heshima.

Sasa tuje kwenye lililokufanya uniandikie, na naomba unipokee vizuri, maana nakupenda kama mwanangu. Barua yako imeeleza turubai, dola na honi, lakini neno ulilomwambia mumeo umelipita haraka. Umeniuliza utamwambiaje asione unamdharau. Mwanangu, anaona umeshamdharau, na mama yake akiwa anasikia. Tangu siku hiyo hamjaizungumzia, na sasa mama yule yule yuko sebuleni kwenu. Wewe unaona orodha ya mahali 11. Mimi naona mtu anayetaka mama yake arudi Kibokoni akasimulie jambo jingine, akawaambie watu barazani kwamba mwanangu kule ugenini anajiweza, alinichukua akanionyesha. Ndiyo maana kila mama akisema niacheni garini, orodha inarefuka.

Kwa hiyo kabla ya kuigusa orodha, muombe radhi. Mkiwa wawili, watoto wamelala, na usichanganye na maneno ya safari. Mwambie ile siku nilikutolea neno baya, na mama akasikia, na nimelibeba mwaka mzima. Kisha nyamaza. Asipojibu usimshinikize, wanaume wetu wengine hujibu kesho yake kwa kukuletea chai. Na ukipata wasaa, mavyaa naye umwambie neno moja tu, kwamba siku ile ulikosa. Kina mama wa umri wake hawahitaji maelezo.

Siku mbili tatu zikipita, ndipo umwambie mumeo hivi: "Baba Fulani, katika hizi 11, ni ipi unayotaka mama aione kwa macho yake?" Muulize kwa dhati, uchague naye. Nina hakika atasema ngome, na akisema ngome, shika hapo hapo.

Ngome yenyewe inaitwa Castillo de San Marcos. Wahispania walianza kuijenga mwaka 1672 wakaimaliza 1695, kwa jiwe liitwalo kokina. Kokina ni makombe madogo ya baharini yaliyoshikamana kwa maelfu ya miaka mpaka yakawa mwamba. Lilichimbwa kisiwani Anastasia, huko huko mtakakolala, na machimbo ya kale bado yapo karibu na kambi. Likitoka ardhini lilikuwa laini, ikabidi liachwe likauke muda mrefu ndipo lijengewe, halafu likavushwa kwa maji hadi mjini. Chokaa chao walikipata kwa kuchoma makombe ya chaza.

Mavyaa wako ametoka Kibokoni. Amekulia ndani ya kuta za mawe ya bahari na chokaa cha kuchomwa, na akifungua dirisha, Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Mombasa, iko pale pale. Mgeni wangu mmoja, mama wa Lamu, nilimpeleka asubuhi moja. Alisimama kwenye ukuta wa ndani, akapitisha kidole juu ya yale makombe, yanatokeza kabisa, mengine hayazidi ukucha wa kidole gumba, meupe na ya waridi. Akaulamba mkono wake kama anayeonja chumvi, akasema, "Hawa walijenga kama sisi." Kisha akakaa kwenye kivuli akaanza kueleza jinsi babu yake alivyokuwa akipanga kuni na mawe kwenye tanuri la chokaa, moto ukikesha. Wanawe walikuwa hawajapata kuisikia habari hiyo, na mkubwa wao alikuwa na miaka 40.

Mpeni mavyaa nafasi hiyo. Sehemu ya chini ya ngome, ua na vyumba vyake, haina ngazi za kumtesa. Juu kwenye mizinga ni kwa ngazi tu, huko mumeo awapandishe watoto, na mwisho wa wiki huwa wanafyatua mizinga kuwaonyesha wageni. Chukueni kiti cha magurudumu cha kukunja kutoka Columbus, kitaingia kwenye sanduku la chini la RV. Msimfiche wala msimlazimishe, mwambieni ni cha kupumzikia njiani, na mwenye kukisukuma awe mjukuu wake wa miaka 15. Fikeni saa tatu asubuhi ikifunguliwa, kabla jua halijakaza na kabla umati haujafika. Watoto wa miaka 15 kushuka chini hawalipi kiingilio.

Mumeo kama anapenda historia, mpe hii ya kumsimulia mama yake. St. Augustine ulianzishwa chini ya Mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania. Mwaka 1580 mfalme huyo huyo akautwaa na ufalme wa Ureno, kwa hiyo Wareno walipoanza kuijenga Ngomeni mwaka 1593, walikuwa wakimtumikia yeye. Mfalme mmoja, pwani mbili za mbali namna hiyo. Na angalieni miaka ilivyokimbiliana: ngome ya huku ilikamilika 1695, mwaka uliofuata Waomani wakaizingira ya kwetu, wakaitwaa Desemba 1698. Ya huku nayo ikazingirwa 1702 na Waingereza kutoka Carolina, koloni lao la upande wa kaskazini. Watu kama 1,500 walijifungia ndani karibu siku 50, mji wao ukachomwa, lakini ngome haikuanguka, maana mizinga ikipiga kokina, ukuta haupasuki, risasi inazama. Mkiwa uani muulizeni bibi afikirie wanawake na watoto wote hao humo ndani, maji yao, kuni zao, wagonjwa wao. Ngomeni ilikuja kuwa jela ya Waingereza hadi 1958. Hii ya huku ilikuwa jela pia, humo ndimo Wamarekani walimofunga Osceola, kiongozi wa Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, mwaka 1837.

Hapo kijana wako ataanza kusikiliza, lakini yeye ana la kwake zaidi, na sitaki lipite.

Anasema historia ile haimhusu. Simlaumu, wengi huonyeshwa makanisa na hoteli tu wakarudi nyumbani. Maili mbili hivi kaskazini ya ngome ile kuna mahali panaitwa Fort Mose. Watu weusi waliokuwa watumwa wa Waingereza huko Carolina walikuwa wakitoroka kuja kusini, kupitia vinamasi, kwa miguu na mitumbwi. Mwaka 1693 mfalme wa Uhispania alitoa amri kwamba wakifika na kukubali dini ya Kikatoliki watakuwa huru. Mwaka 1738 wakapewa mji na ngome yao wenyewe, na kiongozi wao alikuwa Francisco Menéndez, mtu wa Afrika Magharibi aliyekuwa mtumwa naye. Ulikuwa mji wa kwanza wa watu weusi huru uliotambuliwa kisheria katika nchi hii inayoitwa Marekani leo. Mwaka 1740 Waingereza waliwavamia wakaiteka ngome, na wao, pamoja na Wahispania na wenyeji wa asili, wakarudi alfajiri wakaitwaa. Mwambie kijana na upande wa pili pia, ana umri wa kuusikia: Wahispania hao hao nao walikuwa na watumwa mjini mwao, na uhuru wa Mose ulikuwa na masharti, dini na kubeba silaha kwa ajili ya mfalme.

Asitarajie kuta za kale pale. Ardhi yenyewe ya Mose imemezwa na kinamasi. Kuna jumba la makumbusho, nakala ya ngome iliyojengwa hivi karibuni, na njia ya mbao inayotokeza juu ya majani ya chumvi. Mimi nilisimama mwisho wa njia ile jioni moja maji yakipwa, kaa wadogo wanatembea kwenye tope, nikafikiria mtu aliyekuja usiku akiyatazama maji kama yale bila kujua ng'ambo atapokelewa au atafungwa. Nilishindwa kuondoka. Makumbusho hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo siku yenu ya mjini ichagueni kwa kuangalia hilo kwanza, mengine yafuate.

Huko aende kijana na baba yake, wawili tu, baada ya chakula cha mchana, wafike kama saa nane na nusu. Wewe, mavyaa na binti rudini kambini. Adhuhuri ya huko mwezi wa tatu inaingia saa saba na nusu hivi, mavyaa ataswali kwa utulivu na kuinyoosha miguu yake, binti atacheza na bahari. Usiseme familia imegawanyika. Kijana wa miaka 15 na baba yake wanahitaji saa mbili za kutazama kitu kimoja bila mama kuwapatanisha.

Kama mtapita ukingo wa maji mkitoka ngomeni, kuna jambo moja la dakika tano tu. Juni 1964 Martin Luther King alikamatwa kwenye ngazi za moteli moja ya pale kwa sababu alitaka kuhudumiwa mkahawani, ambamo watu weusi hawakuruhusiwa. Siku chache baadaye vijana weusi na weupe waliingia kuogelea pamoja kwenye bwawa lake, na meneja akamwaga asidi majini. Picha zilienda dunia nzima, na tarehe 2 Julai mwaka huo sheria ya haki za raia ikatiwa saini. Moteli ilibomolewa, hoteli nyingine ikajengwa, lakini zile ngazi zimehifadhiwa. Waonyeshe watoto ngazi zenyewe. Ni fupi mno kwa mambo yaliyotokea juu yake.

Chakula sasa, maana najua mavyaa atauliza. Asubuhi pikeni mahamri na mbaazi humo humo garini, chupa ya chai mwende nayo, na chai mnyweni nje kabla ya kuingia ngomeni. Mchana mjini tafuteni pilau. Sikosei kuandika. Mwaka 1777 walifika pale watu wa kisiwa cha Minorca, wakitoroka mateso ya mashamba ya New Smyrna, na kizazi chao mpaka leo kinapika wali wa mchanganyiko wanaouandika "pilau" herufi kwa herufi, ingawa wanautamka kivyao. Unapikwa na kamba, na pilipili ya mji ule iitwayo datil, kali kama pilipili mbuzi yetu ila ina utamu nyuma yake. Ulizeni kwanza kabla ya kuagiza, kwani wengi huutia soseji ya nguruwe. Mkipata wa kamba peke yake, mwekeeni bibi sahani mbele yake mumwache atoe hukumu.

Mnara wa taa uacheni, una ngazi 219. Hoteli za zamani mtaziona mkipita. Kanisa kuu liko kwenye uwanja wa kati, mtaliona hata bila kulitafuta. Orodha yenyewe usiichane wala usiifute, mwambie mumeo aiweke, watoto watakua na mtarudi.

Na umwandae binti yako: ampigie simu ya video shangazi yake au yeyote aliyeko Mombasa wakiwa pale uani, bibi akiwa ameegemea ukuta na baba akisimulia ya Mfalme Felipe. Saa tatu na nusu asubuhi ya Florida, kule itakuwa alasiri, watu wako nyumbani.

Mkirudi niandikie. Nataka kujua mavyaa alisema nini alipoushika ukuta ule.